Siku Niliyompima Akili Mtoto wa Mfinyanzi

Aibu yenyewe nimeshaizoea, imekuwa kama kovu la mguuni ambalo mtu hulionyesha mwenyewe kabla hajaulizwa, kwa hiyo acheni niwasimulie mimi kabla hamjasimuliwa na watu wa Matema, ambao hupenda kutia chumvi hata pale ambapo chumvi imeshajaa tele.

Miaka ile Waingereza walikuwa bado wanatutawala, na mimi nilikuwa kijana wa Ikolo mwenye elimu ya darasa la sita, kaptura moja nyeupe, na ndoto nyingi (ndoto hazikuwa na ada). Kazi niliyoitaka duniani ilikuwa moja tu. Misheni ya Matema ilikuwa inafungua darasa la watoto wadogo, na mchungaji alikuwa anatafuta wa kuwafundisha. Watoto nilikuwa nawapenda kweli, hilo msinicheke, mtoto akilia nyumba ya tatu mimi machozi yananilenga. Lakini niliona kupenda watoto ni jambo la kila mtu, hata kikongwe asiyejua kusoma anawapenda, basi nikajiandikisha kusoma kwa posta saikolojia ya makuzi ya mtoto, katika chuo kimoja cha ng'ambo ambacho sijapata kukutana na mtu aliyekiona kwa macho.

Bahasha zilikuwa zinafikia dukani kwa Mzee Salumu pale Mwaya, mfanyabiashara aliyehamia kwetu zamani kutoka pwani, naye kila akinikabidhi hunipima kwa macho kuanzia miguuni.

"Bwana mdogo, wanakufundisha mambo ya watoto. Na wewe watoto unao?"

Nikamjibu kwamba sayansi haihitaji kuzaa. (Ndivyo nilivyokuwa nazungumza wakati huo, na nashangaa hakuna aliyenizaba kibao.) Chuo chenyewe kilikuwa na adabu ya ajabu, nikiandika upuuzi wa kurasa nne kinajibu kwamba maendeleo yangu yanatia moyo, nami nikiisoma barua hiyo nilikuwa natembea kijijini kama daktari.

Sasa somo la nne lilisema hivi: mtoto ambaye hajafika miaka saba, ukimimina kitu mbele yake kutoka chombo kipana kwenda chombo chembamba kirefu, atakuambia kimeongezeka, maana akili yake bado inafuata macho. Mwanafunzi ajaribu kwa mtoto mmoja, mahali patulivu, aandike jibu alilopata. Mahali patulivu. Maneno hayo yalikuwapo, nilikuja kuyasoma tena baadaye.

Jumamosi moja mama akanipa kapu la mpunga. "Nenda Matema ukaniletee chungu kimoja. Kimoja. Utakaobaki urudishe."

Huko kwetu chungu cha akina mama wa Kikisi, wafinyanzi wa kando ya ziwa, hakikuwa na bei ya mdomoni. Unakijaza mpunga mpaka ukingoni, mpunga unakuwa wa mfinyanzi, chungu kinakuwa chako, na ukishakijaza umeshanunua, hakuna cha kurudi nyuma. Nililijua jambo hilo tangu nikiwa mgongoni mwa mama, na lingeendelea kukaa kichwani mwangu kama nisingeinama njiani kufunga kamba ya kiatu na kukumbuka kwamba mchungaji alikuwa ameniambia nimwone sokoni siku hiyo hiyo kwa habari ya ile kazi. Nikawaza, mpunga ninao, vyungu viko kule, watoto wako kule, kwa nini nisimwonyeshe mchungaji kwa macho yake ninavyoyajua mambo ya watoto? Lilikuwa ni wazo dogo tu la mtu aliyeinama.

Nilipofika, wanawake wa Kikisi kutoka Ikombe walikuwa wameshashusha vyungu kutoka kwenye mitumbwi na kuvipanga mchangani. Nikamwendea Mama Atupele, ambaye mama yangu alinunua kwake siku zote. Kando yake alikaa Atupele mwenyewe, binti wa miaka kama mitano. Mchungaji alikuwa hatua chache tu akisalimiana na watu, Mzee Salumu naye alikuwa amekuja kununua samaki, nikawaita wote, nikaita na wasiohusika.

"Mama Atupele, naomba nimtumie binti yako kwa sayansi."

"Itamuuma?"

"Hapana, mama."

"Basi mtumie. Lakini usimkawize, ana vyungu vya kupanga."

Nikachukua chungu kipana, nikakijaza mpunga mpaka ukingoni. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, "Huyo ameshanunua," nami kwa jinsi nilivyokuwa nimejaa sifa nikadhani ananisifu. Kisha nikaumimina mpunga wote kwenye chungu kirefu chembamba, nacho kikajaa sawasawa, nikajipangusa mikono kama mganga.

"Haya, Atupele. Mpunga umeongezeka, umepungua, au uko vilevile?"

"Uko vilevile."

Nikatabasamu kwa huruma. "Tazama vizuri. Kule ulikuwa chini, huku umefika juu."

"Uko vilevile."

Mtu mwenye akili angesema asante akaenda zake. Mimi nilimtazama mchungaji, nikaona somo la nne linaniponyoka mikononi, nikamuuliza mtoto mara ya tatu, safari hii nikimwekea kidole pale mpunga ulipofikia juu.

"Ni ule ule," akasema taratibu, kama anayemfafanulia mgeni. "Hukutia mwingine."

Nikauliza mara ya nne. Mdomo ukaanza kumtetemeka, akamgeukia mama yake machozi yakimshuka. "Mama, kwani huyu kaka hasikii?"

Soko lilicheka mpaka waliokuwa kwenye samaki wakaja kuona. Na mimi, mpenda watoto, badala ya kumbembeleza nikamgeukia mchungaji nikasema kwa Kiswahili cha barazani, "Mtoto huyu amefundishwa."

"Na nani?" Mama Atupele alikuwa ameshasimama. "Anakaa katikati ya vyungu tangu alipojua kukaa. Haya, mwalimu wa barua, wewe una miaka mingapi?"

"Ishirini na mmoja."

"Vizuri." Akasogeza chungu kimoja kifupi, kinene, chenye sura mbaya. "Kati ya hiki na hicho kirefu chako, kipi kinabeba zaidi?"

"Kirefu," nikasema, bila hata kufikiri.

"Mimina."

Nikamimina. Kile kifupi kikameza mpunga wote wa kile kirefu, kikabaki na nafasi, nikaongeza kwa viganja kutoka kapuni mpaka kikajaa ukingoni. Kwa hesabu ya somo la nne, mimi nilikuwa sijafika miaka saba.

"Umejaza vitatu," akasema Mama Atupele. "Vitatu vyako."

"Lakini mama, mpunga ni ule ule. Sikutia mwingine, ila viganja vichache."

"Eee," Mzee Salumu akadakia, "sasa bwana mdogo kaelewa. Ni kijana mwepesi wa kufahamu, amechelewa kidogo tu."

Kanuni ya soko ikabaki kanuni. Kapu langu likakung'utwa mpaka punje ya mwisho, nikawa mwenye vyungu vitatu.

Watu walipotawanyika mchungaji akanisogelea. Hakuwa amecheka hata mara moja, na ningefurahi kama angecheka.

"Mwanangu, leo nilikuja kukupa ile kazi," akasema. "Nilikuwa nimeshaamua. Sikuhitaji kuonyeshwa kitu."

Nikamwambia naweza kueleza.

"Huna haja. Mtoto alikujibu vema mara ya kwanza. Mara ya nne alikuwa analia, na wewe ulikuwa unatazama chungu. Nitamtafuta mwingine."

Nikaenda kuchuchumaa mbele ya Atupele, nikamwambia alisema kweli na mimi ndiye niliyekosea. Akajifuta pua kwa mkono, kisha akaanza kunifundisha namna ya kuvifunga vyungu vitatu kwa kamba ya mgomba visigongane, akafungua fundo langu mara mbili, akafunga upya yeye. "Ndaga fijo," nikamshukuru. Nikavibeba mpaka Ikolo, mwanamume mzima na vyungu vya kuanzia nyumba mgongoni, na kila niliyepishana naye aliniuliza naoa lini.

Darasa lile lilipata mwalimu mwingine, na alifaa. Mimi nilikuja kuzaa wangu, na niliapa jambo moja ninalolishika mpaka leo: mtoto akishanijibu, simuulizi tena. Hata akiniambia ziwa limehama, naenda kwanza kutazama.