Klarineti Niliyoishika Kinyume

Aliyenifundisha klarineti alikuwa mzee wa umri wa baba yangu, mstaafu wa bendi ya askari. Kwetu Mbebe kijana hakai ubavuni kwa mkubwa kama rika lake, kwa hiyo nilikaa mbele yake, nikaiga nilichokiona: mkono wa kulia juu, wa kushoto chini. Kumbe yeye alishika kinyume cha hivyo. Macho yake yalikuwa na ukungu, hakunisahihisha.

Kwa kushika hivyo, kidole changu kidogo hakikufika kwenye kitufe cha sauti ya chini kabisa. Nilipopata kazi ya kufundisha muziki misheni ya Ndalambo, kila wimbo uliposhuka hadi hapo, nilikohoa. Waumini wakadhani ndivyo wimbo ulivyo. Haukupita mwaka, kanisa zima lilikuwa likikohoa kwa pamoja, kina mama wa kwaya wakiongoza.

Baadaye nikaona picha kitabuni, nikajua kosa langu. Kitabu nikakificha sandukuni, nikaendelea kuwashikisha wanafunzi vilevile, mkono wa kulia juu.

Mwanafunzi wangu bora alikuwa fundi cherehani wa Chapwa. Mzungu mkuu wa okestra ya Dar es Salaam alipokuja Tunduma kutafuta mpigaji mmoja, fundi aliacha nguo za watu wiki mbili, akafanya mazoezi. Siku ilipofika, waumini wetu wakiwa wamejaa mabenchini kumsikiliza, alipiga vizuri sana, lakini Mzungu alikuwa akitazama vidole.

"Nani kakufundisha kushika hivi?"

Fundi akanitazama.

"Alijifunza mwenyewe," nikawahi kusema.

Fundi alifuta klarineti kwa shati lake, akanipa kwa mikono miwili. "Basi, Mwalimu, mwonyeshe inavyoshikwa."

Nilijitahidi kukumbuka ile picha, lakini mkono wa kulia ulikwenda juu wenyewe. Wimbo uliposhuka, nikakohoa. Nyuma yangu mabenchi yote yakakohoa.

Mzungu alicheka mpaka akavua miwani. "Huyu fundi nakwenda naye," akasema. "Mikono inafundishika."

Miaka ilipita. Fundi akarudi likizo, sasa mpigaji wa kwanza wa okestra, na vijana wa Dar es Salaam wanajifunza kwake. Nilimwomba radhi kwa kumkana, nikamsimulia nilivyomwiga mzee wangu nikiwa nimekaa mbele yake. Akachukua klarineti, akavuta kiti, akakiweka ubavuni kwake.

"Kaa hapa, Mwalimu," akasema. "Ukikaa mbele utaigeuza tena."

Nikakaa.