Taa za Kumpambia Dadangu

Kwa miaka mitatu nilikuwa nikiyeyusha vioo katika maabara ya chuo, Kilifi, na nyumbani Malindi hakuna aliyejua kwa nini. Nyanya aliwaambia majirani kwamba nasomea kutengeneza gilasi, kisha akawauliza za dukani zina kasoro gani.

Basi dadangu alipoposwa, nikaona siku yangu imefika. Vioo vyangu huwa navitia chembe za madini adimu, yuropiamu na terbiamu. Ukivimulika kwa taa ya buluu, vyenyewe hung'aa, hiki chekundu, kile kijani, na rangi zote zikichanganyika unapata mwanga mweupe. Nilimwahidi dadangu kwamba siku ya kupamba, atakapokalishwa jukwaani wanawake wamtazame watosheke, atang'aa kuliko bibi harusi yeyote wa Malindi. Akaniamini. Dadangu ndiye aliyenifundisha kusoma. Katika picha zetu zote za utotoni amesimama nyuma, kichwa chini, maana alijiona si mzuri. Siku hiyo moja alitaka kutazamwa.

Kupamba kulikuwa mchana, baada ya adhuhuri, lakini ukumbini giza lilikuwa la ghalani. Mapazia yalifungwa yakabanwa kwa pini, mwanamume asije akachungulia. Fundi wa umeme alizifunga taa zangu asubuhi, akatimuliwa. Mimi pilikapilika za taa zilinichelewesha, kwa hiyo nilikaa mbele hina ikiwa bado mbichi mikononi, nikisubiri sifa.

Taa zikawashwa. Vigelegele vikaanza, vikakatika.

Dadangu alikuwa kijani. Midomo ilikuwa myekundu ya kutisha, hina ya mikononi imekuwa kama masizi, na uso, Mungu nisamehe, ulikuwa wa mtu anayetafuta pa kutapika.

"Subhanallah," akasema shangazi. "Huyu mtoto ana homa ya nyongo!"

Kosa nililijua papo hapo. Maabara tulikuwa tukiupima mwanga juu ya karatasi nyeupe, na karatasi ilionekana nyeupe pepepe, maana rangi zetu chache ziliitosha; ngozi ya mtu huhitaji rangi zote za jua. Kwa miaka mitatu hatukuwahi kumketisha mtu chini ya taa zile tukamtazama uso.

Nikamwita fundi kupitia pazia. Akajibu kutoka barabarani: "Mkizizima, mtakaa gizani, za ukumbi nilizitoa. Nikizibadilisha, lazima niingie. Chagueni!"

"Ingia uone!" wakamjibu wanawake, kwa sauti iliyomfanya arudi nyuma.

Ningepanda ngazi mwenyewe, lakini na hina mbichi ningepanda vipi? Nikatazama jukwaani. Dadangu alikuwa ameinamisha kichwa, vilevile kama kwenye zile picha. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, mimi na vioo vyangu.

Nyanya akainuka, akajitanda leso, akatoka. Tukamsikia akiwafukuza wanaume wa mtaa mzima: fundi, wenye tuktuk, muuza kahawa na dele lake, hata baba yetu.

"Nendeni msikitini! Laasiri hiyo!"

"Bado saa nzima, mama," baba akalalamika.

"Basi kaombeeni ndoa!"

Barabara ikawa tupu. Nyanya akaingia, akazima taa zangu bila kuniuliza, akachomoa pini moja moja, akavuta mapazia.

Jua likaingia hadi jukwaani. Hina ikawa nyekundu, dhahabu ikawa dhahabu, na dadangu akawa dadangu. Akautazama mkono wake, akaugeuza, kisha akainua kichwa. Wanawake walipiga vigelegele nikadhani paa litang'oka. Hakuinama tena mpaka mwisho.

Machozi yalinitoka na hina hainiruhusu kujifuta. Nyanya akanifuta kwa ncha ya leso yake. Halafu akaniuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kujua kweli:

"Mjukuu wangu, huo mwanga mnaoutafuta huko chuoni ni wa namna gani?"

"Ni huu, Nyanya," nikasema. "Tunataka taa zitoe huu huu."

Akalitazama dirisha, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu akanionea huruma.