Mashine ya Muziki Haipimwi Dukani

Nakumbuka siku moja ya Julai, miaka ile ya sabini, nilisimama katikati ya ghala la mahindi huko Ifunda, mkoa wa Iringa, nikitamani mbao za sakafu zifunguke zinimeze. Dada yangu Tupokigwe alikuwa amekaa mbele, shela kichwani, ananitazama mimi tu. Na mashine yangu mpya ya santuri ilikuwa inaruka maneno mbele ya wakwe zake.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, mwanangu, usije ukapotea.

Aliyenikumbusha habari hizi ni mjukuu wangu Tumaini. Anataka kuwa DJ, kama wewe. Juzi kaja hapa kwangu Iyunga, Mbeya, na simu yake, ananionyesha picha za mashine zenye vitufe vingi kama punje kwenye gunzi. "Bibi, nichukue hii ya njia mbili au ya njia nne? Programu ya bure au ya kulipia kila mwezi?" Nikacheka. Nikamwambia, vua viatu ukae. Alidhani bibi yake kazi yake ilikuwa viazi na pareto tu. Hajui kwamba kabla baba yake hajazaliwa, mimi ndiye nilikuwa nikiitwa kwenye sherehe kutoka Iyunga mpaka Mbalizi, kupiga santuri.

Nilianza kwa mashine ya kuazima. Ilikuwa ya mwalimu Andendekisye, mtu wa Tukuyu, mpole sana. Mashine yenyewe mbaya, rangi imebambuka, mkono wake wa sindano mzito kama mchi. Ilitumia betri, na betri zikichoka tulizianika juani juu ya bati, zikapata nguvu kidogo. Nilijifunza kila kitu pale. Lakini moyoni niliionea aibu. Nikaona mtu mzima kama mimi, miaka ishirini na mbili, nastahili kitu kinachong'aa.

Basi nikalima, nikauza, nikaenda dukani Mbeya mjini. Zilikuwepo mbili. Moja inafanana na ya mwalimu, nyingine nyembamba, nyekundu, mkono wa sindano mwepesi kama unyoya. Mwenye duka akaiweka hiyo nyekundu juu ya kaunta ya saruji, akapiga santuri. Mwanangu, sauti ilitoka kama asali! Sikuuliza hata swali moja. Wahenga wametuambia uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, nami msemo huo niliujua tangu utoto. Kuujua na kuukumbuka mbele ya kitu chekundu ni mambo mawili.

Njiani nilipita kwa Ambakisye, fundi wa redio. Akauinua ule mkono kwa kidole kimoja, akauachia. "Mwepesi mno huu. Iache hapa siku mbili, niite watoto waruke ruke, tuone."

"Fundi, hii si kamba ya kurukia," nikamjibu, nikaondoka nayo.

Sasa Tupokigwe alikuwa anaolewa na Yohana Kihwele, Mhehe wa Ifunda. Wakwe walisema wataleta wapiga ngoma wao. Mimi, kwa kiburi cha kitu kipya, nikamwambia baba awajibu kwamba ngoma haihitajiki, bwana harusi atasikia muziki wa kisasa kutoka Mbeya. Baba akawajibu hivyo. Wapiga ngoma wakaitwa harusi nyingine, wakaenda. Kwa hiyo siku ile ilikuwa mimi au kimya. Na heshima ya dada yangu kwa watu atakaoishi nao maisha yake yote ilikuwa mikononi mwangu.

Tulitoka kanisani salama. Meza zilipangwa nje, lakini upepo wa Julai ukaanza kumwaga vumbi kwenye vyakula, tukahamia ghalani. Ghala lile liliinuliwa kwa nguzo, sakafu ya mbao, ili mahindi yasiote ukungu. Nikaweka mashine juu ya meza, nikaweka santuri, wimbo ukaanza vizuri. Watu wakasimama. Wahehe wanapocheza hawabembei kama mgomba, wanapiga mguu chini! Mguu wa kwanza, sindano ikaruka. Mguu wa pili, ikaruka tena. Wa tatu, ikateleza mpaka mwisho wa santuri, ikakwaruza kama kuku kwenye bati.

Nikarudisha. Ikaruka. Nikaweka khanga nne chini ya mashine. Ikaruka.

Baba mdogo wa bwana harusi, mzee Kalinga, akapaza sauti: "Wanyakyusa, mwimbaji wenu ana kwikwi! Mpeni maji!"

Ghala zima likacheka. Mwingine akadakia, "Labda anaogopa baridi ya huku!" Shangazi yangu Syungilege akajaribu kujibu, "Mnamtisha kwa miguu yenu mikubwa," lakini kicheko kikamfunika. Watu wakaanza kukaa. Nikaona dada yangu ameinamisha kichwa. Yohana kamshika mkono, lakini kichwa hakikuinuka.

Ndipo nikamwona bibi yake Yohana anakuja na mkongojo. Bibi Sekihwele. Huyu ndiye aliyesema tangu mwanzo kwamba hajaona harusi ya kuchezea sanduku. Nikajua nimekwisha.

"Kamwene," akasalimia.

"Kamwene, bibi."

"Mayai huwa unapeleka sokoni?"

Nikashangaa. "Ndiyo, bibi."

"Unayapakia juu ya bodi tupu ya lori?"

"Hapana."

"Basi hiki mbona umekiweka juu ya sakafu inayoruka?" Akageuka. "Kalinga! Badala ya kucheka, lete tenga. Na kamba. Na pumba, debe moja."

Mwanangu, yule bibi alikuwa akipeleka mayai Iringa mjini kila wiki. Alikuwa akiyaning'iniza kwenye vyuma vya lori, ndani ya tenga lenye pumba, na barabara ikitikisa gari, mayai yanalala. Mzee Kalinga mwenyewe ndiye aliyepanda ngazi akafunga kamba nne kwenye boriti, tenga likaning'inia. Tukamwaga pumba, tukaweka ubao, tukaweka mashine juu ya ubao. Bibi akaisukuma kwa kidole mpaka ikatulia. Akasema, "Paa halichezi ngoma. Haya, piga."

Nikashusha sindano. Mzee Kalinga, kwa makusudi kabisa, akaruka juu akatua na miguu miwili. Bumu! Wimbo ukaendelea. Akaruka tena. Ukaendelea! Shangazi Syungilege akapiga vigelegele, na watu wakarudi katikati kama maji yaliyofunguliwa mfereji. Nilikaa chini palepale kwenye gunia, nikalia. Nilipofuta macho, Tupokigwe alikuwa anacheza na bibi Sekihwele, wanacheka wote wawili.

Niliporudi Mbeya, nilimwomba mwalimu Andendekisye tubadilishane. Alifurahi, akaiweka ile nyekundu sebuleni kwake, ambako hakuna anayeruka. Mimi nikachukua ile mbaya yenye mkono mzito, nikapiga nayo sherehe mpaka nilipojifungua mtoto wa tatu.

Sasa nisikilize. Wanasema mchagua jembe si mkulima. Kweli, lakini hata mkulima huuliza kwanza shamba ni la mfinyanzi au la kichanga. Kabla hujanunua, jiulize utapigia wapi: ukumbini, au uwanjani ambako umeme unakatika? Azima mashine ya mwenzako, cheza nayo mbele ya watu, mikono ijue. Ukianza, ile ndogo ya njia mbili, ya kuunganisha nyimbo mbili, inatosha kabisa. Mtu hana masikio manne. Programu ya bure itumie mpaka ikubane, ndiyo ulipie. Uliza kama kompyuta yako ina nguvu ya kuibeba, na kama programu na mashine zinaelewana, maana Tumaini anasema ziko zinazokataana. Nyimbo ziwe ndani ya kompyuta yako, usitegemee mtandao siku ya harusi ya watu. Na fundi akikuambia acha kitu kwake siku mbili, kiache. Siku mbili hazijamuua mtu.

La mwisho, kikiharibika mbele za watu, usione haya kufundishwa na yule uliyedhani hajui. Mimi aliniokoa mama wa mayai.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe masikio mapana na mikono mitulivu. Popote utakapopiga muziki wako, watu wainuke wenyewe kwenye viti, waliokuja wamenuniana waondoke wameshikana mikono, na wewe urudi nyumbani salama. Amina.