Yowe Mbele ya Runinga

Kila nikisikia harufu ya dagaa wanaokaangwa jioni, naikumbuka tamthilia ambayo sikuwahi kuisikia vizuri, na hasira inanipanda upya. Aliyenikosesha ni bibi yangu.

Tulikuwa Bunda, kwa babu, mwaka ule pamba ilipokubali akanunua runinga ndogo ya kutumia betri la gari. Tamthilia ilimhusu tajiri mmoja mwenye viwanda, ambaye binti yake alitekwa mchana kweupe. Watekaji wakampigia simu: ukimwambia mtu yeyote, mwanao humwoni tena. Basi familia nzima ikawa inanong'onezana kwenye makochi ya ngozi, wiki baada ya wiki, nami roho juu: atapatikana, hatapatikana?

Lakini ungesikia nini mbele ya bibi?

"Pigeni yowe!" anafoka, sahani ya dagaa mapajani. "Hawa watu hawanaga majirani? Mtoto kachukuliwa, baba mtu anakunywa kahawa!"

Kwetu yowe likilia, hata mwenye homa hutoka na fimbo yake, haulizi ni la nani. Hilo nililijua. Ila hii ilikuwa tamthilia, jamani!

"Bibi, hayo ni maigizo tu."

"Maigizo ndiyo wasipige yowe? Nyamaza, mke mwenzangu." Ndivyo alivyonitania siku zote, mjukuu wake wa kike.

Babu hakumkemea hata mara moja. Alikuwaga anainuka taratibu, eti anakwenda kutazama ng'ombe, na ng'ombe wenyewe walishafungiwa zamani. Nikamlaumu naye: mwenye nyumba gani huyu?

Ikafika siku ya mwisho. Binti yuko dirishani kwa watekaji, anamwona mpita njia, anafungua kinywa. Nimebana pumzi. Bibi akapiga yowe yeye! Yowe la kweli, lile refu la kuita kijiji. Kufumba na kufumbua, uani kumejaa wanaume wenye mapanga na marungu, na mama wa jirani kashika mchi. "Wako wapi? Wamekimbilia wapi?" Mpaka waeleweshwe, tamthilia imekwisha. Nililia kwa uchungu, na hakuna aliyenijali. Watu walicheka, wakala dagaa wetu wote, na bibi akawa anawashika mikono mmoja mmoja. "Mmekuja," anasema. "Kumbe mmekuja." Machozi yalimlengalenga, nikadhani ni aibu.

Bibi alikuwa ameshafariki, nami mtu mzima, nilipokwenda Kisorya kwa mdogo wake. Tukiwa tunaanua mihogo, bibi huyo akanisimulia, kama anayetaja bei ya chumvi, kwamba dada yake alikamatwa na vijana akitoka ziwani na mtungi, akabebwa juu juu mpaka kijiji cha pili, kwa babu yangu. Ndivyo alivyoolewa.

"Alipiga yowe njia nzima," alisema. "Tulimsikia. Baba akatwambia tukae ndani, ng'ombe wa mahari walishaingia zizini."

"Na majirani?"

"Nao walikuwa wanajua, mjukuu wangu."

Nilishindwa hata kuendelea na mihogo. Kijiji kizima, kimekaa ndani, kinasikiliza! Nimewakasirikia wote, mpaka waliokwisha kuzikwa. Na babu yangu nilimpenda, bado nampenda, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.