Mgeni kavua viatu, bosi wetu kaingia na buti

Jamani, leo nimeona kinyaa.

Tumempeleka mnunuzi wa mboga kutoka Uholanzi nyumbani kwa Bibi Mwanaidi, kiongozi wa wakulima huku Vuga. Mimi ndiye mkalimani wa kampuni inayouza mboga zao nje.

Mlangoni mgeni akavua viatu, akainama. "Shikamoo, bibi." Kaifanyia mazoezi njia nzima, masikini!

Bosi wetu, Mtanzania mwenzetu, yule anayetupa semina za kuheshimu mila za wageni, akapita na buti zenye matope. Salamu hakuna. Akasimama juu ya mkeka wa kuswalia!

Akamwambia mgeni kwa Kiingereza, "Vaa tu viatu. Hawa wamezoea."

Wamezoea nini? Kukanyagwa?

Bibi akamtazama bosi miguuni. "Mwanangu, hapo ndipo ninaposujudu."

Mgeni akaniuliza bibi kasema nini. Bosi akanikonyeza. "Mwambie anatukaribisha." Kwa Kiswahili, bibi anasikia!

Nikatafsiri yote. La bibi, na hilo la bosi pia.

Mgeni akawa mwekundu. Akapiga magoti, akaanza kupangusa matope kwa leso yake. Bosi akatoka, akajifungia garini.

Kesho sijui kama nina kazi.

Semeni nyie, mngetafsirije?