Sahani ya Ukutani ya Odera

Dada yangu alinituma Kericho kwa sababu kijana mmoja alitaka kumwoa binti yake, Marita. Kijana huyo, Odera, si mtu wa kwetu Maragoli. Ni mtu wa ziwani, mpishi kwenye shamba la majani chai. "Ana mdomo mtamu," dada alisema. "Nenda uone kama ana moyo pia." Nami kukagua mambo ya watu sihitaji kubembelezwa.

Kisumu nilipanda gari la moshi hadi Lumbwa, kisha lori, juu ya magunia ya mahindi. Nilikuwa nimeambiwa Kericho mvua hunyesha kila mchana, nikabisha. Ilininyeshea mpaka kitambaa cha kichwa kikalowa, na vilima vyote vya chai vikinizunguka, hakuna wa kunipa hata kikombe kimoja.

Shambani, Odera alinipitisha kwanza jikoni kwa mzungu wake, nichungulie sebule. Ukuta mzima sahani! Kuukuu, za buluu, zimechorwa ndege na madaraja, zimetundikwa kwa waya. Nikauliza zimekosa nini hata zikafungwa.

"Ni ya zamani sana, mama. Ya nyanya ya memsahib. Hapana kulia, ni ya kuangalia tu," Odera akajibu. Memsahib ndiye mke wa mzungu wake.

Wazungu wana mambo.

Kwake, kwenye nyumba za wafanyakazi, palikuwa pamefagiliwa vizuri. Kitanda, meza, stuli mbili, na ukutani, sahani ya buluu! Ilikuwa na ufa ulioshonwa kwa pini za chuma, ndiyo maana memsahib alimpa. Odera aliitazama kama mtoto wake wa kwanza. Kisha akaniandalia samaki kwenye bakuli la bati lililobonyea.

Hapo niliingiwa na wasiwasi wa kweli. Mgeni akila kwenye bati na kizuri kiko juu, mke je?

"Odera," nikasema, "na Marita wetu utamtundika ukuta gani?"

Alisimama ghafla. Nikadhani nimeharibu kila kitu. Kisha akapanda stuli, akafungua waya, akaipangusa sahani kwa shati lake, akamimina humo samaki na mchuzi wote. Tulikuwa hatujamaliza kuomba, mchuzi ukapita kwenye ufa ukanishukia gaunini.

Nilirudi Maragoli na doa langu. Dada akauliza habari. Nikamwambia mvua ipo, chai ipo, sahani ipo na inavuja. Marita, aliyekuwa kando akichambua mboga bila kuinua macho, akauliza, "Ilipovuja alikasirika?"

"Alicheka mpaka akakaa chini. Akaweka lile bakuli la bati chini ya sahani, tukala hivyo hivyo."

Nilianza kwa kukagua vyombo, nikarudi nikimjua mtu, na nilifurahi. Dada alikuwa anaitazama mboga ya Marita: majani yote chini, mashina yote chunguni.