Choo cha Mama Yangu

Mama yangu alikuwa mpishi wa harusi Mchinga, mpaka wageni wa harusi moja walipoharisha na choo chake kikachukuliwa kwenda kupimwa. Majibu yakasema ana bakteria wa jina lilelile la waliokutwa kwa wagonjwa. Basi, kesi imekwisha. Shughuli iliyofuata, wenye harusi walewale wakaleta mpishi kutoka Lindi mjini. Mama alikaa barazani akitazama masufuria yake yakibebwa, maana hayo waliyaazima bila haya, na hawakuyarudisha.

Nilikasirika, na sijapoa hadi leo. Kazi yangu ndiyo hiyo: nasoma jenomu za bakteria wa utumbo, yaani maelekezo yote yaliyomo ndani ya kijidudu, kisha nalinganisha huyu na yule. Bakteria wa jina hilo yumo tumboni mwa kila mtu, sheikh na mlevi. Wengi wao hawana neno na mtu. Wachache wamebeba jeni za kutengeneza sumu, na hao ndio balaa. Kijijini kwetu wenye jina moja ni wengi. Mmoja akiiba mbuzi, hatuwafungi wote.

Mkubwa wangu maabara alinishauri niachane nayo, watasema namtetea mama. Nilimwambia siachi ng'o. Nikaomba sampuli zote, nikamkabidhi mwenzangu zikiwa na namba tu, asijue ipi ya nani. Bakteria wa wagonjwa walikuwa na jeni za sumu, wanafanana kama mapacha. Wa mama hawakuwa nazo hata moja. Wenye sumu tuliwakuta tena kisimani kwa wenye harusi. Maji yale ndiyo waliyochanganyia juisi ya ukwaju, bila kuchemsha. Mama hakuwahi kuigusa juisi hiyo.

Wenye harusi wakaja na "yamepita" zao na "sisi ni ndugu." Walikuwa na harusi nyingine karibu. Mimi nilitaka kuwafukuza. Mama akanikonyeza, akawamiminia kahawa.

"Nitapika," akasema. "Ila choo changu kimesemwa sokoni, kisimani, mpaka msikitini. Kabla sijabandika sufuria, na nyie pelekeni vyenu vikapimwe, majibu yasomwe hapahapa barazani. Atakayekutwa hana bakteria, huyo ndiye aje anionjee chumvi."

Jioni ileile masufuria yalirudi, yamesuguliwa mpaka yanang'aa.